Mdoezi wa Gigahezi Tisa

Karatasi ya kiwandani inaapa:
diodi ikifungwa, imefungwa.
Pikofaradi sifuri nukta moja nane, basi,
tupu, tiifu, haina ndugu.
Aliyeandika hivyo hajakaa hapa Pardubice
ghorofa ya pili, mwezi wa Novemba,
kipasha joto kikigonga ukutani.

Vendelín alikuja na bodi yake mikononi
kama mtu aliyebeba yai lenye ufa.
"Swichi haizimi," akasema.
"Kwa gigahezi moja inazima.
Kwa tano inazima shingo upande.
Kwa tisa nukta saba mlango uko wazi,
na ufunguo ninao mimi mfukoni."

Nikamwambia vuta kiti.

Chini ya hadubini: plastiki nyeusi,
ndogo kuliko punje ya mchele,
miguu miwili ya bati,
na ndani, tusikokuona ila tunakujua,
waya wa dhahabu umepinda mgongo
kutoka kwenye chipu hadi mguuni,
mwembamba kuliko ukope.
Huo mpindo, Vendelín.
Kwa masafa ya chini hauna neno,
ni njia tu, apitaye na apite.
Pandisha masafa, unaanza kuwa na maoni.

Kazini tunaviita vimelea.
Silipendi neno hilo.
Kupe humkuta ng'ombe akiwa tayari ng'ombe,
lakini nani ameuziwa diodi isiyo na ganda?
Angeishika kwa nini? Angeilehemu wapi?
Kikulacho ki nguoni mwako, naam,
ila hapa kikulacho ndicho nguo yenyewe.
Mimi nasema wadoezi:
hawakualikwa, wameshanawa,
na bila wao sufuria isingefika mezani.

Tukawaandikisha mmoja mmoja.
Koili ya nanohenri moja na nusu, ya waya na miguu.
Kapasita ubavuni, bati likinong'onezana na bati
kupitia plastiki.
Ohmu mbili za uchovu.
Kwanza nilipima kebo peke yake,
mwisho ukiwa wazi, kisha mwisho ukiwa umefungwa,
nijue ipi sauti ya diodi
na ipi sauti ya safari ya kuifikia.

"Ganda linaishia wapi," akauliza,
"na bodi inaanzia wapi?"

Sikuwa na jibu.
Nikachora mstari mwekundu pale bati linapogusa shaba,
nikasema hapa,
kwa kuwa lazima pawe mahali.

Tangu Machi naishi katika nyumba ya marehemu mama,
Polabiny, jengo la zege, lifti yenye harufu ya kabichi.
Jirani wa ukuta wa pili ana kikohozi;
sijawahi kumwona, ila nimeanza kukohoa baada yake,
kwa zamu, kama tunaojibizana.
Dada yangu Blažena akipiga simu hunyamaza kwanza,
kisha husema: siku hizi unaitikia kama mama.
Nikamjibu ni nyumba.
Akauliza nyumba yote, au wewe kidogo?
Huko sijui mstari mwekundu ningeuchora wapi.

Saa mbili usiku mistari ikalaliana skrinini,
wa kipimo na wetu,
pamoja na lile shimo la tisa nukta saba,
mahali ambapo koili na kapasita hukutana
na kufunguliana mlango tuliokwisha kuufunga.
Vendelín akapiga meza, kikombe kikamwaga chai.
Mistari ikaenda sambamba hadi kumi na mbili.
Baada ya kumi na mbili ule wa kipimo
ukashika njia yake bila kuaga.

Alitaka kuongeza koili nyingine.
Nikamshika mkono.
Huko juu kuna mwingine,
naye hajatuambia jina lake.
Nikaipa faili tarehe, na onyo:
inaaminika hadi gigahezi kumi na mbili.
Kisha nikatafuta koti langu,
lile la mama, lenye mikono mirefu,
nikalivaa.